Kuzuia damu inayovuja: kazi ya mkono wako na kazi ya damu yenyewe

Kama kuna mtu anavuja damu mbele yako sasa hivi, usisome makala yote. Chukua kitambaa kikavu, kiweke juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu kwa viganja vyote viwili, na usikifunue kuchungulia mpaka dakika kumi zipite kwa saa. Damu ikiwa inaruka au inatiririka bila kukoma, mtume mtu mwingine atafute gari huku wewe unaendelea kukandamiza. Mengine utayasoma baadaye.

Wenye nafasi tuanze na jambo ambalo mafunzo mengi ya huduma ya kwanza hulipita haraka. Damu haizuiwi na kitambaa wala bandeji. Damu hujizuia yenyewe. Mkono wako unapunguza tu kasi yake kwa muda, ili ipate kuganda palepale mshipa ulipochanika. Ukilishika hilo, maagizo mengi ya hapa chini utaweza kuyakumbuka hata siku ambayo akili imeruka kwa hofu. Utaona pia kwa nini mambo tunayoyafanya mitaani, kufutafuta, kufunua kila mara, kumwagia maji, kupaka majani ya chai, yanamrudisha majeruhi nyuma.

Kinachotokea ndani ya mshipa

Mshipa ukikatwa, msuli uliomo kwenye ukuta wake hujikunja papo hapo na tundu hupungua. Hiyo ni kazi ya sekunde chache, na ndiyo sababu aliyejikata kwa kisu kikali mara nyingine huona mkato mweupe kwanza, kisha damu ndiyo inafuata.

Chini ya utando laini wa ndani ya mshipa kuna nyuzi za kolajeni ambazo siku zote damu haizigusi. Zikishakuwa wazi, chembe sahani zinazopita hapo huzishika. Chembe sahani ni vipande vidogo vinavyomegeka kutoka kwenye seli kubwa za uboho. Maikrolita moja ya damu, yaani sehemu ya elfu ya mililita, ina chembe sahani kati ya 150,000 na 400,000, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu. Kinachozigandisha kwenye ukuta uliochanika ni protini iliyopewa jina la daktari wa Finland, Erik von Willebrand, ambaye mwaka 1926 alieleza habari za familia moja ya visiwa vya Åland iliyokuwa ikivuja damu isivyo kawaida. Zikishashika, chembe sahani hubadilika umbo, huota mikono mikono, na kumwaga kemikali za kuziita nyingine. Baada ya dakika chache kuna kizibo pale penye tundu.

Kizibo hiki cha mwanzo ni laini mno. Ukikipangusa kwa kitambaa, kimeondoka, na kazi inaanza upya.

Hatua inayokiimarisha hufanywa na protini za kugandisha, nyingi zikitengenezwa na ini. Zimepewa namba za Kirumi kuanzia I hadi XIII, ila namba VI haipo: iliondolewa ilipobainika kwamba ni namba V ileile iliyokwisha kuamshwa. Moja huiamsha nyingine, hadi kufikia thrombini, ambayo huikata fibrinojeni iliyoyeyuka ndani ya damu na kuigeuza kuwa nyuzi za fibrini zisizoyeyuka. Nyuzi hizo hutanda juu ya kizibo na kunasa chembe nyekundu kama jarife linavyonasa samaki. Namba XIII huja mwishoni kukaza mafundo. Hapo ndipo unapata lile bonge jekundu, zito, ambalo halitoki kwa kuguswa kidogo.

Mnyororo huu unahitaji kalsiamu, na hiyo ndiyo namba IV katika orodha. Mfuko wa damu ya kuchangia una sitreti ndani yake kwa sababu hiyo: sitreti huishika kalsiamu, na damu haigandi mpaka imfikie mgonjwa. Unahitaji vitamini K pia, maana bila hiyo ini haliwezi kukamilisha namba II, VII, IX na X. Na unahitaji joto la mwili. Hilo la joto tutalirudia, kwa sababu ndilo linalosahaulika sana barabarani.

Hatua ya kwanza: jikinge, kisha tafuta inakotoka

Damu ya mtu mwingine inaweza kuwa na virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI, kwa hiyo vaa glavu kama zipo. Kama hazipo, vaa mfuko mkononi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, basi usitegemee kuuokota njiani kama zamani. Lakini mfuko wa mkate bado upo karibu kila duka, na unafaa. Ukikosa vyote, mwambie majeruhi mwenyewe akandamize jeraha lake ikiwa ana fahamu.

Kisha funua. Chana au kata nguo mpaka uone ngozi. Watu wengi hukandamiza pale ambapo nguo imelowa zaidi, kumbe damu imeshuka kutoka juu. Aliyeanguka na bodaboda mpapase hadi mgongoni na chini ya mapaja, maana suruali ya jinzi hunywa damu nyingi bila kuonyesha.

Tazama namna inavyotoka. Damu inayoruka kwa kufuata mapigo ya moyo, yenye wekundu mkali, imetoka kwenye ateri. Inayotiririka taratibu ikiwa nyeusi nyeusi imetoka kwenye vena. Inayochuruzika kama jasho jekundu ni ya mishipa midogo kabisa, na hiyo hujizuia hata usipofanya lolote. Tofauti hii inakueleza haraka ya kutafuta gari, lakini hatua ya kuanzia ni ileile kwa zote.

Hatua ya pili: kandamiza, na usichungulie

Kunja kanga, leso, fulana safi au gozi ya hospitali mara kadhaa, weka juu ya jeraha, halafu kandamiza kwa uzito wa mwili, mikono ikiwa imenyooka. Jeraha la mkononi au mguuni lilaze juu ya kitu kigumu, sakafu au benchi, ili nguvu zako zisipotee kwenye godoro. Kuinua kiungo juu husaidia kidogo. Usiache kukandamiza eti unatafuta mto.

Sasa angalia saa. Dakika kumi kamili, bila kufunua. Hapa ndipo karibu kila mtu anashindwa, na simlaumu, kwa sababu dakika mbili za kukandamiza jeraha zinaonekana kama nusu saa. Lakini fikiria kinachoendelea chini ya kitambaa: dakika ya tatu chembe sahani zimeziba, nyuzi za fibrini ndiyo kwanza zinaanza kutanda, na nyingine zimeshika kwenye kitambaa chenyewe. Ukikivuta ili uone "kama imekata", unang'oa kizibo. Ukifanya hivyo mara nne katika dakika kumi, ni sawa na kutofanya kitu.

Kitambaa kikilowa, usikiondoe cha chini. Ongeza kingine juu yake. Kama na cha pili kimelowa haraka, tatizo kwa kawaida si uchache wa vitambaa. Hukandamizi mahali penyewe, au hukandamizi kwa nguvu ya kutosha. Hapo, na hapo tu, funua upesi, tafuta tundu linalotoa damu, weka vidole juu yake ukiwa na kitambaa kipya, anza kuhesabu upya. Rundo la kanga saba juu ya jeraha hutawanya nguvu na kunywa damu, na wewe ukiona kavu juu unadhani imekoma.

Dakika kumi zikiisha na damu imetulia, kifunge kitambaa hichohicho kwa bandeji. Usikibandue kukitazama. Pima kama vidole vya mbele ya bandeji bado vina joto na rangi yake ya kawaida. Vikiwa baridi au vimekufa ganzi, legeza bandeji kidogo.

Sasa hayo ya kupaka. Majani ya chai, unga wa kahawa, sukari, majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa, petroli ya gereji, utando wa buibui, udongo. Baadhi ya vitu hivi kweli huifanya damu ya juu ionekane imeganda, kwa sababu unga wowote mkavu hufyonza maji ya damu. Lakini mshipa uko chini, haujafikiwa, na daktari atatumia muda mrefu kuosha uchafu huo kabla hajashona. Majivu na udongo vina hatari kubwa zaidi: vimelea vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na jeraha lenye kina ni makazi wanayoyapenda. Kama unataka kitu cha kuweka kwenye jeraha, weka mkono.

Kitu kilichochoma na kubaki ndani, kisu, nondo, kipande cha kioo, usikichomoe. Kinaweza kuwa ndicho kinachoziba mshipa. Kandamiza pembeni mwake, pande zote mbili, kizungushie nguo zilizokunjwa ili kisitikisike, mpeleke hivyohivyo.

Hatua ya tatu: jeraha lenye shimo

Kinena, kwapa, bega na shingo ni sehemu ambazo kukandamiza juu juu hakufiki kwenye mshipa, na mkanda hauwezi kufungwa. Hapo kitambaa huingizwa ndani. Chukua kipande kirefu, gozi au kanga iliyochanwa, kisokomeze kwa kidole mpaka kiguse chanzo cha damu, endelea kujaza mpaka shimo lishibe, kisha kandamiza juu kwa mikono miwili. Inauma, majeruhi atalia, na wewe utatamani kuacha. Usiache. Shingoni angalia usibane koo, na kandamiza upande mmoja tu.

Jeraha la kifua au la tumbo halijazwi kitambaa namna hii. Damu ya humo inazuiwa na mpasuaji, na msaada wako mkubwa ni mwendo wa gari.

Hatua ya nne: mkanda wa kubana

Kwa miaka mingi watu walifundishwa kuuogopa mkanda wa kubana damu, wakiambiwa anayefungwa atakatwa mguu. Vita vya Iraq na Afghanistan viligeuza mawazo hayo: askari waliofungwa mapema, kabla dalili za kupoteza damu nyingi hazijaanza, walipona kwa wingi kuliko waliochelewa, na viungo vilivyokatwa kwa sababu ya mkanda peke yake vilikuwa adimu. Siku hizi ushauri ni kwamba damu ya mkono au mguu inayoruka na kushinda kukandamizwa, au kiungo kilichokatika kabisa, kifungwe bila kusitasita.

Tumia kitambaa chenye upana wa vidole vitatu au zaidi. Kitenge kilichokunjwa kinafaa. Kamba ya manila, waya na kamba ya kiatu hukata nyama na mishipa ya fahamu. Kizungushe juu ya jeraha, upande wa moyoni, kama sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye mkato, isiwe kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Piga fundo moja, lalisha mwiko, spana au kijiti kigumu juu yake, piga fundo la pili, kisha zungusha mpaka damu ikome. Kifunge kijiti kisifunguke.

Mkanda uliolegea ni mbaya kuliko kutofunga kabisa. Vena ziko juu juu na hubanika kwa nguvu kidogo. Ateri iko ndani na inahitaji nguvu nyingi. Ukibana nusu nusu, damu inaendelea kuingia na haina njia ya kurudi, kwa hiyo jeraha linatoa zaidi ya mwanzo. Zungusha mpaka mapigo ya mbele ya mkanda yasisikike tena. Maumivu ni makali, na hiyo haimaanishi umekosea.

Andika saa uliyofunga, kwa kalamu, kwenye paji la uso au juu ya kitambaa chenyewe. Kwa muda wa hadi saa mbili kiungo kwa kawaida hustahimili. Kama hospitali iko mbali zaidi ya hapo, bado usifungue njiani. Ule mtindo wa kulegeza kila robo saa ili "damu ipite" ulikwishaachwa, kwa sababu kila ukilegeza majeruhi hupoteza damu nyingine na mabonge husukumwa nje. Atafungua mtu mwenye dripu na damu ya kuongeza karibu yake.

Hatua ya tano: mpaka mfike hospitali

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Akipoteza hadi kama asilimia 15, mililita 750 hivi, mwili hufidia bila dalili kubwa. Akiendelea hadi lita moja na nusu, sawa na chupa tatu za maji za nusu lita, moyo unakwenda mbio, ngozi inakuwa baridi na yenye jasho, kiu inamshika, anahangaika. Shinikizo la damu laweza kuwa bado linasomeka vizuri. Likianza kushuka, amekwishapita hapo, na akianza kuongea asiyoyajua, muda ni mfupi sana. Kwa mtoto hesabu ni nyingine: mwenye kilo 10 ana mililita 800 tu mwili mzima, kwa hiyo damu inayoonekana kidogo sakafuni yaweza kuwa robo ya damu yake.

Kumbuka na damu isiyoonekana. Paja likivunjika, lita moja hadi moja na nusu inaweza kukaa ndani ya msuli bila tone moja kutoka nje. Nyonga iliyopasuka humeza zaidi. Mtu wa bodaboda aliyepauka na kutoka jasho baridi bila jeraha ni wa kukimbizwa.

Mlaze chali. Vua nguo zilizolowa, mfunike kwa kanga, koti, blanketi, chochote. Ule mnyororo wa protini tuliouona hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 37; joto likishuka chini ya 35 kuganda kunazorota, hata kama protini zote zipo. Madaktari wa majeraha huogopa vitu vitatu vikikutana: mwili kupoa, damu kuwa na asidi kwa kukosa oksijeni, na damu kushindwa kuganda, maana kila kimoja huongeza kingine. Ndoo ya maji anayomwagiwa majeruhi "azinduke" inamsogeza huko. Usimpe soda wala chai. Anaweza kuhitaji nusu kaputi, na tumbo tupu ni salama zaidi.

Usitangaze tu kwamba "jamani tafuteni gari". Mnyooshee mtu mmoja kidole: "Wewe kaka mwenye shati la bluu, niletee bajaji hapa." Kuhusu fomu ya polisi, ile PF3 ya Tanzania, majeruhi anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza na ndugu mmoja aifuatilie fomu. Na mkifika, mwambieni muuguzi mambo manne kabla ya historia ndefu: saa ya ajali, saa ya kufunga mkanda, dawa anazotumia, na kama ni mjamzito.

Kwa nini saa ya ajali? Kuna dawa, asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke na kutangazwa mwaka 1962. Haigandishi damu. Inazuia mwili usiyeyushe bonge ambalo umekwisha kulitengeneza, maana mwili huanza kuliyeyusha mapema, wakati mwingine mapema mno. Inafaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Baada ya saa 3 haisaidii majeruhi, na inaweza kumdhuru.

Mahali penye kanuni zake

*Pua.* Kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 hadi 15, pumua kwa mdomo na tema damu. Kuegemeza kichwa nyuma hakuzuii kitu. Damu inashuka kooni, unaimeza, unatapika. Ikipita nusu saa bado inatoka, nenda hospitali.

*Jino lililong'olewa.* Uma gozi kwa nusu saa, uikaze. Usisukutue wala usitemeteme kwa saa 24, usinywe kwa mrija, usivute sigara: kufyonza kunang'oa bonge, na mate yenyewe yana uwezo wa kuliyeyusha. Hapa majani ya chai yanapata heshima yao kidogo, maana mfuko wa chai uliolowanishwa na kupoa, ukiumwa juu ya shimo la jino, husaidia kwa asidi ya taniki iliyomo. Mfuko, tafadhali, siyo majani yenyewe.

*Kichwa.* Ngozi ya kichwa hutoa damu ya kutisha kwa sababu mishipa yake imeshikwa na nyama ngumu na haiwezi kujikunja. Fuvu lililo chini ni ukuta mzuri wa kukandamizia. Ila ukihisi mfupa umebonyea au unacheza, kandamiza kuzunguka, usisukume katikati.

*Vena iliyovimba mguuni* ikipasuka: mlaze, inua mguu juu, weka kidole. Hukoma haraka.

*Kidole kilichokatika.* Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, tia ndani ya mfuko usiopitisha maji, mfuko ukae juu ya barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja.

*Kuumwa na nyoka.* Usifunge mkanda, usichanje. Sumu ya baadhi ya nyoka hushambulia kuganda kwenyewe. Boomslang, yule nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, sumu yake huamsha mnyororo wote kwa pamoja mpaka fibrinojeni inaisha, na damu inabaki maji. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aliumwa na boomslang mdogo Septemba 1957. Aliandika dalili zake saa kwa saa, kesho yake asubuhi alijisikia nafuu, akafariki siku hiyohiyo. Kwa hiyo aliyeumwa asirudi nyumbani kwa sababu "yuko sawa". Kituo cha afya kisicho na maabara kubwa kinaweza kufanya kipimo rahisi: mililita 2 za damu kwenye chupa ya kioo safi na kavu, iachwe dakika 20 bila kutikiswa, kisha iinamishwe. Ikimwagika bila bonge, sumu imeharibu kuganda, na anahitaji dawa ya kupinga sumu hiyo.

*Mzazi.* Hii inastahili maneno zaidi, kwa sababu damu ya baada ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wanawake wanaojifungua. Kondo likishatoka, linaacha kidonda kikubwa kwenye ukuta wa mji wa mimba, mahali ambapo zaidi ya nusu lita ya damu ilikuwa ikipita kila dakika. Kuganda peke yake hakuwezi kasi hiyo. Kinachozuia kwanza ni msuli wa mji wa mimba kukaza na kuikaba mishipa iliyopita kati ya nyuzi zake, bonge linamalizia. Mji wa mimba uliolegea ndio chanzo cha kawaida cha damu nyingi. Ndiyo sababu mkunga hutoa sindano ya oksitosini mara mtoto anapozaliwa, na hukanda tumbo chini ya kitovu mpaka asikie donge gumu.

Utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023 ulionyesha jinsi jambo dogo linavyobadilisha mambo. Badala ya kukadiria damu kwa macho, wakunga waliweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo. Ikifika kiwango cha hatari, walifanya kwa pamoja kukanda, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu na kukagua michaniko, bila kusubiri moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Matukio ya damu nyingi sana na matokeo yake mabaya yalipungua kwa asilimia 60.

Mama akijifungulia nyumbani au njiani kwa bahati mbaya: mtoto awekwe kwenye titi mara moja, maana kunyonya huufanya mji wa mimba ukaze, mama akojoe, kwani kibofu kilichojaa kinauzuia kukaza, anayemsaidia amkande tumbo, gari liwashwe. Baadaye, akiwa anajaza pedi nzima kwa saa moja au chini ya hapo, hiyo si damu ya uzazi ya kawaida.

Damu ikiwa imekata

Jeraha lenye mdomo wazi, lenye uchafu, la usoni au kwenye kiungo lioneshwe hospitali siku hiyohiyo ili lishonwe, na sindano ya pepopunda iulizwe. Kigaga kikishafanyika kiache. Chini yake ngozi mpya inatambaa, na mwili wenyewe unaliyeyusha bonge taratibu kwa kimeng'enya kiitwacho plazmini. Ukikibandua kinapowasha, unarudi kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Ambao damu yao haigandi ipasavyo

Anayekunywa warfarini, dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, mwili wake hauwezi kutumia vitamini K kama kawaida, kwa hiyo akijikata akandamize kwa muda mrefu zaidi, na akigonga kichwa aende hospitali hata kama haumwi. Aspirini huzilemaza chembe sahani kwa maisha yao yote, ndiyo maana athari ya kidonge kimoja huonekana kwa siku kadhaa, mpaka uboho utoe nyingine. Hii ina maana ya pekee wakati wa dengi, ambayo Dar es Salaam iliiona vikali mwaka 2014 na 2019: ugonjwa huo tayari unashusha chembe sahani, kwa hiyo homa itulizwe kwa parasetamo, si kwa aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Ini lililoharibika kwa pombe au homa ya ini nalo hutengeneza protini chache za kugandisha.

Mtoto mchanga huzaliwa na vitamini K kidogo sana, na maziwa ya mama hayana ya kutosha. Sindano ya miligramu 1 anayochomwa pajani baada ya kuzaliwa inamkinga asivuje damu ndani ya ubongo. Mzazi asiikatae.

Halafu kuna hemofilia, ambapo protini namba VIII au IX imepungua. Hurithiwa kupitia mama na kwa kawaida huwapata wavulana. Chembe sahani zao ni nzima, ndiyo maana mkwaruzo mdogo huweza kukata vizuri na kumdanganya mzazi. Kinachokosekana ni zile nyuzi za kukaza. Damu huanza upya baada ya saa kadhaa, goti huvimba bila kuanguka, sindano ya kwenye msuli huacha uvimbe mkubwa. Kwetu, mara nyingi ugonjwa hugundulika siku ya tohara, mtoto anapovuja mpaka asubuhi na watu wanaanza kutafuta mchawi. Kwa hiyo kabla ya kumpeleka kijana tohara, iwe jandoni au hospitali, waulize upande wa mama: kuna mjomba au kaka aliyewahi kuvuja sana akitahiriwa au aking'olewa jino? Jibu likiwa ndiyo, tohara isubiri kipimo cha kuganda kwa damu. Hospitali kubwa hukifanya. Muhimbili ina kliniki ya hemofilia. Dada zake nao wapimwe kabla hawajaanza kuzaa.